Vidole Vitano Juu ya Sakafu

Karani wa takwimu mwenyewe anakiri kwamba siku ile mjinga alikuwa yeye, tena mjinga mwenye rula mkononi.

Tangu redio itangaze kuwa pato la taifa limepanda, watu wa mtaa wa chini walikuwa wakipaa. Si sana, kidole kimoja, viwili juu ya sakafu. Ofisi ikaamua kwamba hiyo ndiyo furaha, ikatuma makarani waipime. Kule mlimani, kwenye nyumba za magari mawili mawili, hakupaa mtu hata unywele. Ofisi iliwahurumia sana. Ikawahamishia wao unga wa msaada uliokuwa ukishushwa mtaa wa chini kila Jumatatu.

Saa saba mchana karani alifika kwa shangazi yake, dobi, aliyemlea tangu hajaota jino. Alimkuta anapiga pasi, vidole vitatu juu ya sakafu, kiuno kimefungwa kwa kanga kwenye mguu wa meza asije akapeperushwa na upepo wa dirishani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana mkubwa. Mbona umekonda hivyo? Kaa ule."

Palikuwa na sahani moja ya viazi. Karani aliifagia yote, huku akimweleza jinsi pato la kila mwananchi lilivyonona. Alipolamba kijiko, shangazi alipanda vidole viwili zaidi, akaendelea kunyoosha kola ya shati la mtu. Karani akapima, akaandika: *Vidole vitano. Amefurahi kutembelewa.*

"Umeongoza mtaa mzima," alimwambia, machozi ya fahari yakimlengalenga.

"Kwa hiyo unga ndio haurudi?"

"Unga ni wa wenye huzuni, shangazi. Wewe una furaha."

"Nani kakuambia?"

"Si hii rula? Haya, mtu asiye na furaha anapaaje?"

Shangazi aliweka pasi pembeni. Akainama hewani, akashika bega la karani ili yeye asiyumbe, akamfuta kwa ncha ya kanga chembe ya kiazi iliyobaki shavuni, kama alivyokuwa akimfuta zamani.

"Kwa wepesi, mwanangu. Hivyo viazi ulivyomaliza ndivyo vilivyokuwa vinishushe leo."