Kilio Bila Kamasi

Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hapa Daegu, Korea, nimeona kinyume: asiyefunzika na ulimwengu hulindwa na mamaye, tena mama mwenyewe akiwa na rola kichwani.

Niliingia saluni jioni moja; kesho yake dada yangu alikuwa anaolewa, na picha ya ukoo hutundikwa sebuleni mpaka ukuta uchoke. Nilitaka mawimbi laini. Shangazi Kwak, mwenye saluni, alinifunga rola, akanipaka dawa ya kukunja nywele inayonuka kama mayai viza, kisha akanipa kiazi kitamu cha moto nimenye nikingoja, naye akimenya chake. Pembeni, kichwa kikiwa ndani ya bakuli la kukaushia nywele, alisinzia mteja wake wa siku zote, Mama Mi-gyeong.

"Ulikwenda kuona ile filamu ya mwanamume aliyefiwa na mke?" Shangazi aliuliza.

"Nilikwenda. Afadhali ningelala."

"We! Na Do Gyu-tae alivyo mzuri?"

"Uzuri anao. Lakini shangazi, mke anakufa mikononi mwake, yeye analia nywele zimechanwa! Chozi moja tu, linashuka shavuni kama limepangiwa zamu. Kamasi? Hata tone! Mimi nikipoteza mwavuli nalia zaidi ya hapo."

Shangazi alikohoa. Akanikonyeza. Akanikanyaga mguu. Nikadhani kiazi kimemkwama.

"Yule mama mwuza supu, aliyetokea mara moja tu, ndiye mwigizaji. Gyu-tae ni pazia. Zuri, linaning'inia."

Bakuli likainuliwa.

"Pazia hilo," alisema Mama Mi-gyeong, "nimelinyonyesha mimi."

Kwetu mama huitwa kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Mi-gyeong ni binti. Kama kuna wa pili, sikuwahi kuuliza anaitwa nani.

Shangazi alikunja mikono. "Seul-ah, omba msamaha. Usipoomba sikuoshi, na dawa haijui harusi."

Kichwa kilianza kuwaka. "Nioshe kwanza, shangazi!"

"Msamaha kwanza."

"Nikimsifu, filamu ijayo atalia vile vile!"

Hapo Mama Mi-gyeong akaangua kilio. Uso ulikunjamana, mdomo ukaenda upande, kamasi likashuka mpaka kwenye taulo. Hakuwa mzuri hata chembe.

"Hivyo!" nikaruka kitini. "Hivyo hivyo, mama! Mwalimu yumo nyumbani, yeye anahangaika wapi? Mpigie simu umlilie!"

Akasita. Akajitazama kiooni. "Nikilia huwa hivi?"

"Hivyo hivyo. Wewe ningekuja kukutazama hata theluji ikianguka."

Alipenga kamasi kwa kishindo. "Mwoshe," alimwambia Shangazi. "Lakini ataomba msamaha."

Nilioshwa, lakini dawa ilikuwa imeshafanya kazi yake, na ya jirani yake pia. Kiooni aliketi mtu mwenye dodoki la kusugulia sufuria kichwani. Niliufikiria ukuta wa sebule yetu. Niliwafikiria wajukuu ambao bado hawajazaliwa, wakinyoosha vidole.

"Umeona sasa?" Shangazi alisema, chupa ya mafuta mkononi. "Neno moja tu, nikunyooshe."

Mama Mi-gyeong alingoja, taulo likiwa bado puani.

"Kwenye picha nitasimama nyuma kabisa," nikasema. "Mwanao, mama, alilia vibaya. Siombi msamaha."