Kiwiko Mlangoni

Asubuhi ya kwanza ya kazi yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Agosti 2012, Chepkemoi alisimama mbele ya mlango wa ofisi ya usajili, akakunja mkono wa kushoto, akagonga kwa kiwiko mara tatu. Aligonga taratibu na kwa heshima, kama mtu aliye kanisani. Nyuma yake Nyanut alikuwa ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, kwa sababu asingekiinamisha angecheka.

“Nge wa huku hulala kwenye fremu ya mlango, dada,” alikuwa amemweleza dakika tano tu zilizopita. “Ukigonga kwa vidole, unawaita. Ukigonga kwa kiwiko wanadhani ni mbuzi anajikuna, wanapanda juu.”

Nyanut alikuwa na miaka kumi na tisa na uso usiojua kudanganya, uso alioufanyia mazoezi kwa miaka minne katika shule ya bweni huko Kitale. Huko aliwahi kulishawishi bweni zima lilale na viatu kwa siku tatu, likingojea zoezi la tetemeko la ardhi ambalo wizara haikuwa na habari nalo. Kambini alifanya kazi ya ukalimani: Kidinka, Kiarabu cha Juba, Kiswahili, Kiingereza. Kwa kuwa alikuwa mkimbizi, hakulipwa mshahara. Alipewa posho ndogo iliyoitwa motisha, jina ambalo yeye alilitamka kila mara kwa sauti ya mazishi.

Chepkemoi, aliyetoka Kericho na diploma yake kwenye bahasha ya plastiki, aligonga milango kwa kiwiko kwa wiki mbili nzima. Hatimaye Ekai, askari wa lango, akamwuliza kwa upole kama mkono ulikuwa unamwuma. Siku hiyo Chepkemoi alimkimbiza Nyanut kulizunguka tangi la maji mara tatu, viatu mkononi, mpaka wote wawili wakaketi mavumbini wakicheka bila sauti, machozi yakiwachora mashavu. Urafiki wao ulianzia hapo. Kila mmoja alikuwa amemwona mwenzake akiwa mjinga, na hakuna aliyekimbia.

Basi Nyanut akaanza kumwandikia. Alinunua daftari lenye jalada la buluu, akaandika namna ya kupata kazi pale na namna ya kuishi na watu baada ya kuipata. Kwamba anayekuja kuomba kazi amsalimie askari kwanza, kwa sababu wakubwa huhamishwa kila mwaka na askari yupo pale pale. Kwamba siku ya mahojiano ufike mapema, uketi mahali utakapoziona nyuso za wanaotoka. Kwamba mzee wa Kiturkana akikutemea mate kiganjani usipanguse, amekubariki. Kwamba hasira ya ofisini iende kumalizikia nyumbani. Na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, aliandika kwamba mkalimani akiwa kazini haongezi neno lake.

Ukurasa wa mwisho aliuchorea nge mwenye pembe za mbuzi. Picha hiyo ilikuwa yao wawili.

Mwezi Desemba tangazo lilibandikwa langoni. Shirika walilolifanyia kazi lilitafuta Msimamizi wa Wakalimani, na kwa mara ya kwanza wakimbizi waliruhusiwa kuomba. Si kwa motisha. Kwa mkataba, kwa meza, kwa beji ya rangi sawa na ya wengine. Mwombaji alitakiwa kuambatisha maandishi yake mwenyewe kuhusu kazi hiyo.

“Una daftari,” Chepkemoi alisema. Alikuwa akifunga mizigo, akihamia ofisi ya Lodwar. “Nipe nikalichape. Kompyuta za huko hazizimiki kila saa. Mwenye daftari hili akikosa hiyo kazi, basi mimi nitarudi Kericho kuchuna majani chai.”

Nyanut akalifunga daftari kwa uzi, akampa kwa mikono miwili.

*

Januari, shirika liliwaita waajiriwa wapya wa ofisi zote kwenye mafunzo ya siku moja mjini Lodwar, pamoja na viongozi wachache kutoka kambini. Nyanut alipata kibali cha kusafiri kwa sababu Mzee Makuei, kiongozi wa Wadinka wa mtaa wao, hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Walipanda gari la shirika alfajiri, wakavuka lugga, ile mito mikavu ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, mzee akisinzia huku ameushika mkongojo wake kati ya magoti.

Njia nzima Nyanut alikuwa akiitunga furaha yake. Siku ya mwisho ya maombi ilikuwa Ijumaa. Angelichukua daftari, angezichukua kurasa zilizochapwa, na angemkuta rafiki yake.

Alimkuta mbele ya ukumbi, amesimama kando ya projekta, amesuka nywele upya. Chepkemoi alimpungia mkono kidogo, kisha akaangalia pembeni. Kila kiti kilikuwa na kitabu chembamba chenye jalada gumu. Nyanut alilisoma jina la kitabu kabla hajaketi: *Mwongozo wa Kazi Uwanjani: Ushauri Kumi*. Chini yake liliandikwa jina moja tu, na halikuwa lake.

“Anasema nini?” Makuei aliuliza, maana Chepkemoi alikuwa ameshaanza.

Nyanut aliinama kwenye sikio la mzee, akaanza kufasiri. Ushauri wa kwanza: mkalimani akiwa kazini haongezi neno lake. Ushauri wa pili: msalimie askari kwanza. Maneno yalitoka mbele kwa Kiingereza, yakafika kwake, naye akayafasiri kwa Kidinka, na kila moja lilimpita kooni kama mwiba wa samaki anayemjua kwa jina. Watu waliandika. Mwanamume mmoja wa safu ya mbele alitikisa kichwa kwa kupendezwa mno.

Kufikia ushauri wa sita, mzee akaugeuza uso wake kidogo.

“Binti yangu, haya uliniambia wewe. Mwaka jana, siku ya foleni ya mgao.”

“Ninafasiri tu, baba.”

“Najua unafasiri. Nakuuliza ni ya nani.”

Nyanut alikuwa amejiwekea sheria mwenyewe kwa herufi kubwa, na sasa sheria hiyo ilikuwa imemkalia mdomoni.

Mbele, Chepkemoi alifungua picha ya mwisho. Nge, amechorwa vizuri na mtaalamu wa kompyuta. Pembe zilikuwa zimeondolewa.

“Ushauri wa kumi,” alisema, bila kumtazama mtu yeyote. “Kabla ya kuingia ofisini, gonga mlango kwa kiwiko.”

Nyanut aliacha kufasiri. Alingoja ukumbi ucheke. Alimngoja Chepkemoi ainue macho, amtafute, acheke, na pengine kila kitu kingerudi mahali pake, kingekuwa ni utani mrefu uliochukua miezi miwili kuiva. Hakuna aliyecheka. Kalamu zilikwaruza karatasi. Mtu akauliza kama ni kiwiko cha kulia au cha kushoto, naye Chepkemoi akajibu kwa utulivu kwamba ni cha kushoto.

“Amesema nini?” mzee akauliza.

“Amesema tugonge milango kwa kiwiko.”

“Kwa nini?”

“Kwa ajili ya nge.”

Makuei, aliyekuwa amelala na nge wa Kakuma kwa miaka ishirini, alifikiri sana juu ya jambo hilo. “Nge wa wapi hao?” akauliza.

*

Wakati wa chakula Nyanut alimkuta Chepkemoi nyuma ya jiko, ameshika sahani ya wali na nyama ya mbuzi ambayo hakuwa ameigusa.

“Ulisema utanichapia.”

“Si nimechapa?”

“Kwa jina lako, dada.”

Chepkemoi alitazama huku na huku. “Fomu ya kuchapisha inadai nambari ya mfanyakazi, Nyanut. Wewe huna. Ningeandika jina lako, mfumo ungelikataa, na kitabu kisingetoka kabisa. Hivi angalau kimetoka. Kinasaidia watu.”

“Na maombi yangu? Ijumaa niambatishe nini?”

“Andika kingine. Wewe huandika haraka.”

“Nipe daftari langu, basi.”

“Tulipohamisha ofisi, karatasi za zamani zilichomwa.” Alilisema kama habari ya mvua iliyonyesha wilaya nyingine. “Sikujua kwamba lilikuwamo.”

Kati ya yote, kulikuwa na jambo moja lililomkaa Nyanut vibaya zaidi, na lilikuwa dogo kiasi cha kumtia aibu.

“Hata nge?” alisema. “Ulijua kwamba nge ni mzaha. Ulijua wewe peke yako.”

Hapo ndipo Chepkemoi alipoonekana kuumia kweli. “Nasaha zilikuwa tisa. Mkuu alitaka kumi,” alisema. Kisha watu wawili wakakaribia na sahani zao, akanyoosha mgongo, na sauti yake ikavaa tai. “Usinune mbele za watu, Nyanut. Hasira ya ofisini huenda kumalizikia nyumbani.”

*

“Miye nilikwambiaka,” Adolphe alisema Nyanut aliporudi kambini. Alikuwa mkalimani wa Wakongo na Warundi, mzee wa miaka arobaini, na hakuwa amemwambia kitu. “Ule dada iko na meno mingi. Sasa unafanya nini? Unalia, ao unaandika?”

“Kila ninachoandika kimo tayari kwenye kitabu chake.”

“Basi andika kile hakimo.”

Nyanut alikaa na karatasi mbele yake siku mbili. Alikuwa ameumaliza ujuzi wake wote kwa rafiki mmoja. Kilichobaki ni kile alichojifunza Lodwar, akiwa ameinama kwenye sikio la Makuei. Alhamisi jioni akaandika kurasa mbili juu ya namna ya kumfasiria mtu unayejua kwamba hasemi kweli. Alisema usipunguze, usilainishe, usikohoe kwa maana. Mfasirie yote, sawasawa, ili anayesikiliza apate nafasi ya kushangaa mwenyewe. Ijumaa akazitumbukiza kwenye sanduku la langoni.

Wiki tatu baadaye jina lake lilikuwa kwenye orodha ya walioitwa, la tatu kati ya matano.

Alifika mapema. Alimsalimia Ekai kwanza, kwa Kiturkana.

“Ejok, Ekai.”

“Ejok noi.” Ekai alisogea, akashusha sauti. “Dada, usisahau kiwiko. Sasa ni sheria, imetoka Lodwar. Hata yule daktari wa meno aliyekuja jana amegonga.”

“Lakini wewe ndiwe uliyegundua kwamba ni mzaha.”

“Ndiyo,” Ekai alisema kwa masikitiko ya mtu mwaminifu. “Lakini sikuwa nimeona kitabu.”

Aliketi kwenye benchi mahali alipoziona nyuso za wanaotoka. Mwombaji wa kwanza aliinuka, akatengeneza tai, akagonga kwa kiwiko mara tatu, akaingia. Wa pili aligonga kwa nguvu mno, akaingia akijisugua. Nyanut aliwatazama kwa uso uleule wa bwenini. Kwa siku nyingine, mzaha wake kufika mbali namna hiyo ungempa kicheko cha mwaka mzima. Alikitafuta kicheko hicho ndani yake, akakuta mahali patupu kilipokuwa kikikaa.

Jina lake likaitwa.

Alisimama mbele ya mlango. Kiwiko kilikuwa kitu kidogo tu. Kingemgharimu nini? Akainua mkono wa kulia, akagonga kwa vidole.

Ndani waliketi wawili. Bwana Lochakapong, mkuu wa ofisi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na pembeni yake Chepkemoi, aliyekuja kutoka Lodwar, na kitabu chembamba mezani mbele yake.

“Karibu, binti,” Lochakapong alisema. Aliandika kitu, kisha akasita. “Nimesikia umegonga kwa vidole. Nafasi hii ni ya kuwafundisha wengine mwongozo. Hukuusoma?”

“Niliusoma, mzee.”

“Lini?”

Nyanut alimtazama Chepkemoi. Chepkemoi alitazama kalamu yake.

“Kabla haujachapwa. Ulikuwa na jalada la buluu, na nge alikuwa na pembe.”

Feni ya dari ilizunguka. Lochakapong alivua miwani, akazitazama kurasa mbili za Nyanut zilizokuwa mbele yake, akairudia mistari fulani kwa kidole, midomo ikisogea. Ilimchukua muda. Kisha akaugeuza uso wake polepole.

“Bi Chepkemoi,” alisema, bila ukali wowote, “wewe umefanya kazi naye, ndiwe unayemwelewa. Huyu binti anasema nini?”

Chepkemoi alifungua mdomo.

Nyanut alivuta kiti, akaketi, akaiweka mikono magotini kama Makuei alivyoketi siku ile Lodwar, akageuza sikio kidogo upande wa rafiki yake, akangoja atakavyomfasiri.