Kibali cha Asiyeweza Kutembea

Jamani nisikilizeni, maana hasira hizi zitaniua. Mdogo wangu, yule wanayemwita Pedali, mguu wake wa kulia ulikauka tangu utotoni. Kutembea kwake ni kujikokota, lakini mpandishe baiskeli uone! Kwenye pedali amefunga kipande cha tyubu cha kushikilia unyayo, mguu mmoja unasukuma na kuvuta, anawatimulia vumbi wenye miguu miwili.

Ndivyo alivyokuwa akienda kazini, kutengeneza pampu za maji kambini, ndani ya hifadhi. Mara wakubwa wa hifadhi wakatoa sheria mpya: baiskeli marufuku kwenye njia za hifadhi, ila kwa mwenye kibali, na kibali ni cha asiyeweza kutembea. Bosi wake akamwambia Jumatatu asipokuwa nacho, kazi anapewa fundi mwingine.

Tukaenda getini. Askari akasema kibali kinatolewa ofisi kuu, mwombaji afike mwenyewe. Ofisi yenyewe iko wapi? Huko huko ndani, juu mlimani, kwa njia ile ile.

"Aende na baiskeli?" nikauliza.

"Bila kibali? Haiwezekani, dada."

Mungu wangu! Nikainama, nikambeba mgongoni, mtu mzima na ndevu zake. Mlima wote ule nilikuwa natukana kila aliyewahi kushika muhuri, na yeye ananicheka, ati napumua kama pampu mbovu. Tulipoyaona mabati ya ofisi akaninong'oneza, "Dada, nishushe. Siingii kwa watu nimebebwa kama mtoto."

Nikamshusha. Akajifuta jasho, akachomekea shati, akauvuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe, anatabasamu huku mguu unamtetemeka. Afisa alikuwa barazani na chai yake, akimtazama mwanzo hadi mwisho.

"Shida yako?"

"Naomba kibali, mzee. Siwezi kutembea."

"Hapa umefikaje?"

"Nimembeba mimi!" nikapiga kelele.

"Mimi nimeona anatembea. Tena vizuri tu. Hongera."

Na mdogo wangu, kwa adabu zake hizo, akamwambia asante. Niliumia mpaka machozi yakanitoka.

Nikainama pale pale, miguuni pa afisa. "Panda," nikamwambia Pedali, "panda aone!" Akasita kwa aibu, kisha akapanda, akauficha uso shingoni mwangu.

Afisa akaweka kikombe chini, akacheka mpaka akakohoa.

"Sasa mama, na usafiri wote huo, baiskeli ya nini?"