Karanga Hajibu Saa Kumi

Tangu saa nne asubuhi kuna mpuuzi alikuwa anachezea chaneli kumi na nne ya redio, na Épiphanie alikuwa amemchoka hadi basi.

Mpuuzi mwenyewe hasemi kitu. Anabonyeza maiki, ule mvumo wa hewani unakatika, kimya. Anaachia, mvumo unarudi. Baada ya dakika chache, tena. Épiphanie alikuwa na siku ya mapumziko, hakuna kizee cha watu cha kwenda kuogesha leo, sufuria ya sombe, majani yake ya muhogo, iko jikoni, redio iko juu ya friji mahali pake pa siku zote. Mara ya tano uvumilivu ukamwishia. Akaweka mwiko chini, akashika maiki.

"We nani? Kama huna la kusema toka hewani! Mtu mzima hovyo!"

Yule mtu akabonyeza haraka haraka, mara nane, mara tisa, kama anayerudisha matusi. Épiphanie akapunguza sauti ya redio, akarudi kwenye sombe yake. Ndiyo, alipunguza sauti. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe alikuja kujilaumu kwa hilo zaidi kuliko kwa tusi.

Redio yenyewe ilikuwa ya zamani, kisanduku cheusi chenye mshale wa kupima nguvu ya mawimbi yanayoingia, waya wake wa antena umetoka hadi kibarazani, ghorofa ya kumi hapo Malvern, Toronto. Télesphore, mumewe, aliiita "mume mwenzangu." Épiphanie alipoinunua kwa dereva mmoja aliyekuwa anastaafu, madereva wa malori wa barabara ya 401 bado walijaa humo, wakiambiana wapi kuna barafu na wapi polisi wamejificha. Mmoja mmoja wakahamia kwenye simu zao. Aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa Karanga.

Yeye na Karanga walikutana hewani miaka sita nyuma, siku Épiphanie alipokuwa anajaribu maiki: "Moja, mbili, tatu." Sauti ya mzee ikajibu, "Nne, tano, sita, bana! Nani huyo anahesabu Kiswahili kwenye theluji?" Alikuwa Mhindi wa Tabora, mgane, Kiswahili kinamtoka kama aliyezaliwa sokoni. Tangu hapo, kila siku saa kumi kamili, yeye ni Karanga na Épiphanie ni Ziwa. Walizungumza magoti, mvua, wajukuu wanaojibu kwa Kiingereza. Majina halisi hawakuambiana.

Hilo lilikuwa sharti la Épiphanie. Kule Bukavu alikuwa mwendeshaji wa fonii ya parokia, ile redio ambayo watu walipanga foleni kuongea na ndugu zao wa mbali, na huko alijiwekea sheria: hewani hakuna majina, hakuna mitaa. Sababu yake hakumwambia mtu. Mwezi uliopita tu mzee alikuwa ameanza, "Ziwa, siku moja uje na bwana mnywe chai, bana. Mimi naishi..." Épiphanie akamkata palepale. "Karanga! Hewani hakuna mitaa!" Mzee akacheka. "Haya, haya. Kali kweli wewe."

Saa kumi ilipofika, Épiphanie akapandisha sauti ya redio.

"Karanga, Karanga, hapa Ziwa. Unanipata?"

Mvumo.

"Karanga, hapa Ziwa. Saa kumi imepita, umelala?"

Mvumo ukakatika. Yule mpuuzi! Akafungua mdomo amtukane tena, macho yake yakaangukia kwenye mshale. Ulikuwa umesimama kati ya tano na sita. Hapo hapo, kwenye kamkwaruzo ka kioo, ndipo anaposimamaga Karanga siku zote. Dereva anayepita mshale wake hupanda na kushuka. Wa Karanga hausogei, maana Karanga yuko nyumbani kwake.

Akaivuta maiki karibu na mdomo.

"Karanga, ni wewe? Kama ni ndiyo bonyeza mara moja. Hapana, mara mbili."

Mara moja.

"Sauti yako haitoki. Maiki imeharibika?"

Mara moja.

"Umeanguka?"

Mara moja.

"Simu iko karibu? Kuna mtu hapo?"

Mara mbili. Mara mbili tena.

"Uko hapo chini tangu asubuhi?"

Safari hii ilichukua muda. Kisha, mara moja.

"Mungu wangu! Mungu wangu, baba, nisamehe!" Mzee wa watu kalala sakafuni kwa saa sita anaomba msaada kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na yeye kamwita mtu mzima hovyo. Alitamani kulia lakini hakukuwa na nafasi ya kulia. Akapiga simu ya dharura. Mwanamke wa upande wa pili, mpole tu, akauliza jambo moja: anwani yake ni ipi?

Anwani! Miaka sita, na mwenyewe alitaka kuitaja, na nani alimziba mdomo?

"Ngoja, nisubiri," akamwambia, akaweka simu mezani ikiwa wazi. "Karanga, sikiliza. Uko Scarborough?" Mara mbili. "Thornhill?" Mara mbili. "Thorncliffe Park?"

Mara moja.

Akaulizia mtaa, kisha namba ya jengo, tarakimu moja moja, mzee akibonyeza na yeye akihesabu kwa sauti, akiandika nyuma ya karatasi ya ratiba ya ibada. Akamsomea yule mwanamke. Kwa simu ya zamani ya binti yao akampigia Télesphore, aliyekuwa Don Mills, karibu na hapo, anasambaza mikate kwa gari la kazini. "Acha mikate! Nenda Thorncliffe, sasa hivi!" Télesphore alimjua mkewe. Hakuuliza.

"Karanga, jengo tumelipata. Uko ghorofa ya ngapi?"

Hapo ndipo hewa ilipofunguka. Kuna siku, jua likiwa kali huko juu, redio hizi ndogo hupokea sauti za maelfu ya kilomita, na siku hiyo mbaya kuliko zote Wamarekani wa majimbo ya kusini waliingia kwa fujo, mmoja anajisifu gari lake, mwingine anacheka, wa tatu anapiga honi. Chini yao, mibonyezo ya Karanga. Nne? Au saba? Mshale ulikuwa unarukaruka tu.

"Rudia, Karanga! Rudia!"

Akarudia, lakini mibonyezo ilikuwa mifupi sasa, yenye kukatikakatika. Mzee alikuwa anaishiwa nguvu. Mwanamke wa dharura alikuwa amesema jengo ni la ghorofa kumi na nane, milango zaidi ya mia mbili. Mpaka wamalize kugonga, watakuta maiti.

Épiphanie akashika maiki na mkono ukakataa kubonyeza. Mara ya mwisho alipotaja mahali hewani mbele ya masikio asiyoyajua, watu walikufa. Akabonyeza.

"Naomba kila anayenisikia anyamaze," akasema kwa Kiingereza chake cha kazini, na machozi ndani yake. "Naitwa Épiphanie Nabintu. Niko Toronto, Malvern, ghorofa ya kumi, mlango wa elfu moja na sita. Rafiki yangu ameanguka, hawezi kusema, anabonyeza tu na mimi simsikii. Nawaomba."

Yule wa gari akakatiza majigambo yake. Sauti nzito, ya taratibu: "Tumekusikia, mama. Jamani, chaneli ya huyu mama. Nyamazeni wote." Mwingine, wa mbali zaidi, akarudisha ujumbe uleule kwa walio nyuma yake. Honi ikakatika katikati. Halafu hakuna aliyesema neno, nchi nzima ile ya watu wasiomjua.

"Karanga. Ghorofa."

Moja. Mbili. Alihesabu hadi tisa. Kisha mlango: nne.

Akawapa wa dharura, akampa Télesphore. Sasa kazi ilikuwa kumzuia mzee asilale. Akaongea, na alipoishiwa ya kuongea akasema lile ambalo hakuwahi kulisema.

"Karanga, unajua kwa nini nilikukataza mitaa? Wakati wa vita nilimwambia mwenzangu wa parokia ya pili njia ambayo gari letu litapita. Hewani, wazi. Sikujua nani mwingine anasikiliza. Gari halikufika. Watu sita, na wawili nilikuwa nimesoma nao. Ni mdomo wangu huu, Karanga."

Mvumo ukakatika. Akangoja aachie. Hakuachia. Mshale ulisimama kati ya tano na sita, ukabaki hapo. Amezimia juu ya maiki? Au anasema? Anajua kwamba sauti haitoki, atasemaje? Na yeye akiongea sasa mzee hatamsikia, maana aliyebonyeza hasikii. Basi akasimama mbele ya friji mikono kifuani, akakisikiliza kile kimya. Dakika moja, ya pili. Ya nne mshale ukaanguka.

"Karanga?"

Mvumo.

"Karanga, jibu! Karanga!"

Simu ya binti yao ikalia. Alikuwa Télesphore, anahema.

"Zimamoto wamevunja mlango."

"Yuko hai? Télesphore, sema, yuko hai?"

"Yuko hai. Nyonga imevunjika, midomo imekauka, lakini yuko hai. Wamemnyang'anya ile maiki kwa nguvu, sasa anawagombeza, anasema alikuwa hajamaliza. Mimi namsikia vizuri tu, maiki ndiyo mbovu! Haya, chukua, anataka simu."

Kukasikika mchakacho kidogo. Kisha sauti ikaja, imekwaruzika, ndogo kuliko ya redioni.

"Épiphanie? Mimi Alimohamed, bana. Kuhusu lile gari, nimekujibu yote pale. Hukusikia?"

"Sikusikia hata neno moja, baba."

"Basi nianze upya?"

"Subiri kwanza, bwana," mtu akasema nyuma kwa Kiingereza, "tukuweke kwenye machela."

"Machela itangoja. Nianze?"

Épiphanie akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye friji.

"Anza," akasema.