Mwenye Unga

Asubuhi ile nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo. Geti langu lilikuwa limepakwa rangi nyekundu kutoka juu mpaka chini: WAYAHUDI NJE. Wayahudi! Mtaa mzima nimebaki mimi peke yangu, Lenke Rosner, mjane mwenye magoti mabovu na paka mmoja, na bado wananiita kwa wingi.

Binti yangu Vera akapiga simu kutoka Budapest. "Mama, basi tena. Kesho nakuja kukuchukua."

"Ngoja niite polisi kwanza," nikamwambia. "Wakiandika malalamiko yangu, nabaki. Wakikataa, nahama."

Afande akaja, kijana wa mashavu mekundu. Akatazama geti, akapiga picha moja, akarudisha kalamu mfukoni.

"Watoto tu hawa, bibi. Rangi inafutika. Sasa hapa niandike nini? Hakuna kilichoibwa, hakuna kilichovunjwa."

"Andika kwamba nimetishwa!"

"Na nani? Umemwona?"

Nilichoka ghafla. Nilikuwa nageuka niingie ndani nimpigie Vera, ndipo Kálmán akavuka barabara.

Kálmán Bodnár ni jirani yangu, huniita shangazi kwa heshima tu, fundi bomba, Mkatoliki, mdomo mchafu, na Jumamosi haulizwi kitu kwa ulevi. Kila mwaka kabla ya Pasaka yetu namuuzia kila chenye chachu kilichomo nyumbani, maana siku hizo nane Myahudi haruhusiwi hata kukimiliki. Baba yangu alimuuzia baba yake, babu yangu alimuuzia babu yake. Tunatia sahihi karatasi, namkabidhi ufunguo wa kabati, Pasaka ikiisha ananirudishia. Siku zote nane huutundika shingoni, akijigamba baa kwamba yeye ni tajiri wa tambi.

Siku hiyo ilikuwa ya tatu ya Pasaka. Alikuja na ndara, shati wazi, karatasi mkononi.

"Afande, mlalamikaji ni mimi," akasema. "Humo ndani mna unga wangu kilo sita, tambi zangu, na bia zangu chupa nne. Sahihi hii hapa. Na ile pembe ya jiko penye kabati nimeikodi. Mtu katishia nyumba yenye mali yangu."

Afande akasoma, akacheka. "Wewe si Myahudi. Haya yanakuhusu nini?"

"Ningekuwa Myahudi ningeununua vipi? Hebu tumia kichwa, kijana! Toa kalamu."

Akatoa. Naapa, alitoa kalamu akaanza kuandika: unga, kilo sita.

Badala ya kufurahi nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka. "Loo! Yaani unga umeandikwa, mimi sijaandikwa! Nimezaliwa nyumba hii. Nimefundisha hesabu nusu ya mji huu, na mama yako mzazi nilimfundisha, afande, kugawanya kulimshinda! Leo tambi zina haki kunizidi mimi?"

Nilidhani Kálmán atanirudishia maneno, ndivyo tulivyozoeana. Badala yake akamgeukia afande.

"Shangazi kasema kweli. Futa, anza upya. Lenke Rosner, ametishwa nyumbani kwake kwa sababu ni Myahudi. Andika hivyo hivyo. Mimi niweke chini, shahidi. Usipoandika, tunakwenda wote wawili kwa mkubwa wako, na mimi nakwenda na ndara hizi hizi."

Akaandika. Akanipa nakala, akaondoka. Nikampigia Vera pale pale nikamwambia asije kunichukua, nabaki. Akagomba, nikamwacha agombe.

Nilipokata simu, Kálmán alikuwa bado amekaa kwenye ngazi yangu, haendi.

"Shangazi, kuna jambo," akasema. "Mwaka wa arobaini na nne, wakati wa vita kuu, askari walipokuja kuwatoa watu wenu, Pasaka ilikuwa imeisha jana yake tu. Walikuwa hawajarudishiana mali. Babu yangu bado anayo karatasi, bado anao ufunguo. Akasimama pale ng'ambo, akatazama. Hakufungua mdomo. Walipoondoka akaingia, akafungua kabati. Bibi akapika zile tambi, wakala."

Kwamba walichukuliwa wasirudi tena nilijua tangu utoto: babu, bibi, na shangazi zangu watatu. Baba alipona kwa sababu alikuwa mbali, kwenye shokoa ya jeshi, kazi ya kulazimishwa. Habari ya tambi sikuwahi kuisikia.

"Baba yangu alijua?" nikauliza.

"Babu alimwambia mwenyewe, baba yako aliporudi. Pasaka iliyofuata baba yako akabisha hodi kwetu na karatasi mpya, akasema, 'Tia sahihi.' Babu alilia mpaka kalamu ikamponyoka. Kwetu anayerithi ufunguo husimuliwa yote haya. Mimi nilisimuliwa nikiwa na miaka kumi na minane."

Nikakaa karibu naye, nikalia na mimi. Maisha yangu yote nilimwona baba mtu mkavu, asiyejali, anayesalimia kila mtu sawasawa. Kumbe alibisha mlango ule! Nilimshukuru baba pale kwenye ngazi kwa sauti, kama kichaa, na Kálmán akatazama pembeni kwa aibu.

"Asante na wewe, mwanangu," nikamwambia.

"Ya nini? Nimesema maneno mawili tu. Hata babu angeyasema siku ile, yasingewaokoa."

"Yasingewaokoa," nikasema. "Lakini wangeondoka wameyasikia. Mimi leo nimeyasikia, Kálmán. Asante."