Hatua Kumi Nyuma ya Nyumba

...na mkono wenyewe ulipanda bila kumwuliza, sasa uko juu, kiganja wazi, saa imeteremka hadi karibu na kiwiko, na Lotiir anautazama kwa pembe ya jicho akijiambia si kitu, ni mkono tu, diwani kazi yake si ndiyo hii, kuketi, kusikiliza, kunyoosha mkono, kuuteremsha, kwenda kunywa chai... na hesabu gani hii isiyokwisha, madiwani kumi na mmoja ndani ya chumba kimoja hapa Lodwar, mtoto wa darasa la kwanza angekuwa ameshawahesabu akatoka kucheza, lakini Mutua karani ana utaratibu wake, anaelekeza penseli kwa kila mtu, anatikisa midomo, akafika kwa mzee Lomunokol wa Kaaleng akakwama, maana mkono wa mzee uko juu kweli lakini umeshika usinga, "Mzee, huo mkono ni wa kura ama ni wa nzi?" na mzee akajibu polepole, "Ni ya nzi. Ikiwa ya kura nitaambia wewe," watu wakacheka, Mutua akafuta alichoandika, samahani mwenyekiti, naanza tena, walioafiki wasiteremshe mikono tafadhali... tena, basi, naye anacheka pamoja nao huku bega limeanza kumwuma.

Walioafiki nini, hata hilo lilisomwa kwa Kiingereza kwanza kwa kuwa ndivyo linavyoandikwa kitabuni, kisha Kariuki, ofisa wa mipango, akalileta kwa Kiswahili chake cha haraka, "Waheshimiwa, hii ni kitu kidogo sana, kwa ramani ya kwanza tuliacha hatua kumi nyuma ya kila nyumba, hizo hatua kumi tukizitoa, nyumba zinashikana mgongo kwa mgongo, na badala ya thelathini na mbili tunapata hamsini," na hamsini nani ataikataa, watu wa ile njaa wangali kando ya mto Turkwel, mbuzi walikufa, ngamia wakafuata, wakabaki wao na fimbo zao mkononi na hakuna cha kuchunga, hamsini ni nyingi kuliko thelathini na mbili, hilo halihitaji shule... lakini Lomunokol, ambaye Kiingereza hana na Kiswahili amekiokota njiani kama kuni, aliuliza swali moja tu, "Na wanawake watajenga wapi?" na Kariuki akatabasamu, si kwa ubaya, Kariuki si mtu mbaya, hilo ndilo linalouma, angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, "Mzee, nyumba itakuwa imeshajengwa, hawatakuwa na haja ya kujenga," kisha akaweka kidole juu ya picha iliyobandikwa pembeni mwa ramani, "Muulizeni Mheshimiwa Lotiir, yeye ameishi ndani ya nyumba ya mfano miezi tatu, na familia, na hakuna kibanda nyuma, si ndiyo mheshimiwa?" na macho yote yakamgeukia, na shingo yake ikaitikia, shingo kwanza, mkono baadaye, hivyo ndivyo ilivyokuwa, hakuna aliyemlazimisha.

Picha hiyo... ukutani juu yake yuko Rais, chini yake yuko yeye, Lotiir, shati limepigwa pasi, amesimama mlangoni pa nyumba ya mfano, mabati yanang'aa hadi yanaumiza jicho, na mbele yake watoto watatu kwa mpangilio wa kimo, na chini pamepigwa chapa, Mheshimiwa Lotiir na familia yake, na mmoja wa watoto amevaa sweta, sweta, Lodwar, saa sita mchana, kwa sababu mama yake alisema mtu akipigwa picha lazima aonekane amevaa, na mama huyo ni Jerusha, mke wa Barasa fundi, na watoto ni wa Barasa wote watatu... wamo humu chumbani wanaowajua, watawakosaje, kila Jumapili watoto hao wako kanisani benchi ya mbele wakigombana, lakini mtu mzima akivuliwa nguo na upepo watu hutazama pembeni, ni heshima, wanamheshimu. Siri ya mtungi aijuaye kata, wanasema, ila mtungi wa Lotiir umepigwa picha na kubandikwa ukutani.

Watoto wake mwenyewe walikuwa wameondoka asubuhi ile ya picha. Akidor mgongoni mwa mama yake, Nawoi, kaka zake wawili wakiburuta mtungi wa maji, na yeye Lotiir amesimama mlangoni pa saruji akifunga vifungo vya shati, akidhani... alidhani nini, alidhani wanakwenda mtoni, hapana, hakudhani hivyo, mtu haendi mtoni na mzigo wa miti ya nyumba kichwani, alijua, akaendelea kufunga vifungo.

Na Nawoi alijaribu, jamani, hilo lazima lisemwe, alijaribu kwa moyo, siku ya kwanza aliizunguka nyumba ile mara mbili akigusa kuta kama agusavyo ngamia mgeni, akauliza, "Imejengwa na nani?" Lotiir akamwambia imejengwa na Barasa, Nawoi akafikiri, akasema, "Basi ni ya mke wa Barasa," naye Lotiir akacheka, akamwambia ni yetu, halmashauri imetupa tuijaribu, Nawoi akatikisa kichwa kwa adabu kama mtu aliyeambiwa jambo na mtoto, na kesho yake akaenda kwa Jerusha na kibuyu cha maziwa, kwenda kumwomba ruhusa ya kuwasha moto ndani ya nyumba yake, Jerusha wa watu hakujua aseme nini, akapokea maziwa, akasema washa tu dada, karibu... mji mzima ulicheka, na Lotiir alicheka kuliko wote, alilisimulia kila mahali, na hakuna siku aliyokaa chini akajiuliza kwani Nawoi amekosea wapi. Kwao mwanamume ana mifugo, ana kiti chake cha kuwekea kichwa, ana kivuli cha mti, nyumba hana, nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye akataye miti, yeye ndiye aikunjaye na kuifunga kamba, yeye ndiye afumaye makuti ya mkoma juu yake, na siku ya kuhama yeye ndiye aifunguaye, fundo kwa fundo, hakuna mkono mwingine unaogusa, mama yake Lotiir alijenga nyumba nyingi kuliko miaka yake na akajua jina la kila mahali alipozisimamisha, na mwanamke akiketi katika nyumba asiyoijenga ni mgeni, na mgeni hapangi, mgeni hafokei watoto, mgeni hulalia ubavu mmoja... hivyo ndivyo Nawoi alivyoishi miezi miwili na nusu, ubavu mmoja, na joto la mabati juu, na hakulalamika hata mara moja, na yeye Lotiir akaandika katika ripoti, familia imeridhika.

Kisha Nawoi akajenga nyumba yake. Lotiir alirudi kutoka Lokiriama akaikuta imesimama nyuma ya nyumba ya saruji, katika zile hatua kumi, ya mviringo, ndogo, makuti mabichi bado yana harufu, na Nawoi ameketi mlangoni akiimba kitu bila maneno, hakuwa amemsikia akiimba tangu wahamie pale, akapika ugali siku ile na samaki mkavu wa Todonyang na akamfokea Akidor kwa kumwaga maji, alifoka vizuri, kwa sauti ya mwenye nyumba, na Lotiir akala akashiba akawa na raha, naam, alikuwa na raha, asijidanganye kwamba hakuwa nayo, siku nne... siku ya tano Kariuki akaja na habari ya wakubwa kutoka Nakuru, watakuja kesho, watapiga picha, akatazama nyuma ya nyumba akakuna kidevu, "Mheshimiwa, sasa hiki kibanda, unaonaje, kitaharibu picha kidogo," unaonaje, alimwuliza, hakumwamuru, angeweza kusema naona kiko sawa, maneno matatu, mdomo ulikuwa wake.

"Mbili," anasema Mutua, penseli imeanzia upande wa dirishani safari hii, kwa hiyo Lotiir atakuwa wa mwisho.

Alasiri ile Nawoi alikuwa sokoni. Hakumngoja. Hakumwambia afungue mwenyewe, maana angemwambia kwa macho gani, alichukua kisu na kukata kamba, hakufungua hata fundo moja, alikata, na kwa mkono gani kama si huu uliopo juu sasa hivi, makuti yakaanguka, miti ikafunguka ikarudi kunyooka kwa kishindo kidogo, na aliporudi Nawoi akakuta duara la mchanga na rundo, akasimama, na Lotiir alikuwa na maneno tayari, wakubwa wanakuja, ni kwa siku moja tu, utajenga tena, lakini Nawoi alichuchumaa, akaanza kuokota vipande vya kamba, kimoja kimoja, anakipangusa, anakiweka pajani... maji yakimwagika hayazoleki, ila Nawoi alizoa, alizoa mpaka kipande cha mwisho, na Lotiir akajua katika tumbo lake, si kichwani, kwamba mwanamume aivunjaye nyumba ya mkewe kwa mikono yake amemwambia neno ambalo hata kwa hasira halisemwi, amemwambia wewe hupo.

"Tatu."

Na Kakuma alikwenda, asiseme hakwenda, mwezi uliopita, juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka masikioni, akashuka akapita duka la Msomali akavuka mchanga wa mto Tarach hadi kwa kaka yake Nawoi, akaikuta nyumba, miti ile ile, aliitambua mmoja mmoja, na kamba zile zile, zimeungwa, kila alipokata pana fundo, mafundo kila mahali, aliketi nje akiyatazama maana hakuna pengine pa kutazama, Nawoi akatoka akamwamkia, ejok, kama unavyomwamkia mtu apitaye, akamletea maziwa, akasema, "Keti hapo kivulini, baba Akidor," hapo kivulini, si ndani, Lotiir akanywa, kisha akamwomba arudi, alimwomba, yeye Lotiir, diwani, kofia mkononi, na Nawoi hakukasirika, akauliza swali la mtu wa kazi, "Nitasimamisha miti wapi?" akamweleza, ramani ya nyumba mpya ina nafasi, hatua kumi nyuma ya kila mlango, nimeiona kwa macho yangu, imechorwa, ni kupitishwa tu, na Nawoi akatazama mafundo yake, akasema, "Likishapitishwa, niletee habari. Nitafunga mizigo." Basi. Maneno machache hivyo. Akarudi juu ya lori lile lile, limebeba ngozi sasa, linanuka, akiwa na furaha kama bwana harusi, jinga kubwa, akihesabu siku hadi kikao hiki.

"Nne... tano," na mtu wa tano ni jirani yake, ubavuni kabisa, na baada yake ni yeye. Sita wakifika limepita. Watano hawatoshi. Hilo nalo halihitaji shule, watano hawatoshi, ateremshe, ateremshe sasa, ni kiasi cha kulegeza bega, nani atamwona, wote watamwona, Kariuki atasema mheshimiwa, si umeishi humo, si umeandika mwenyewe, na yeye itambidi aseme, na aseme nini, mbele ya wanaume kumi, kwamba mke wangu aliondoka, kwamba nyumba ya mfano imelala tupu na mimi nalala humo peke yangu kama mlinzi, kwamba nilikata kamba... na zile familia hamsini, je, si kweli kwamba ni hamsini, ndiyo, na wanawake hamsini wamelala ubavu mmoja, hamsini ambao watasimamisha nyumba zao pembeni mwa barabara na askari wa halmashauri watakuja na visu, watazikata, kwa sheria, kwa sheria yenye mkono wake, teremsha Lotiir, mkono huu ulikwishakata mara moja, usiuache ukate tena, teremsha...

"Sita," anasema Mutua, na anaandika.

Mikono inashuka chumba kizima, viti vinalia, mtu anakohoa, Kariuki anakunja ramani taratibu asiharibu picha, na mwenyekiti Ekal amekwisha kufungua ukurasa wa jambo linalofuata, vyoo vya soko, anainua macho, anangoja, anatabasamu, "Mheshimiwa Lotiir, tumemaliza kuhesabu. Teremsha mkono," wengine wanacheka tena, wanadhani ni utani, na Lotiir anausikia ule mkono huko juu, mzito, mpumbavu, umechelewa kwa pumzi moja, na anajua akiuteremsha hautapanda tena kwa jambo hili, leo wala mwakani, atapanda lori kwenda Kakuma na kukaa kivulini na kusema nini... "Mheshimiwa?" anasema mwenyekiti, na Mutua anashika penseli asijue kama aandike, na ni mzee Lomunokol anayesema, bila kugeuka, usinga umetulia gotini, "Ngoja yeye. Hiyo mkono si ya nzi," na Lotiir, bega linawaka, akijua kura imekwisha na Nawoi hafungi mizigo, anatafuta pa kuanzia, na pa kuanzia hapana pengine ila pale ukutani, wale watoto watatu, yule mwenye sweta, na anasema, "Wale si wangu."