Vipande Thelathini vya Sugiya

Mdogo wangu Sugiya alikuwa anaolewa, na mimi niliyewapiga picha maharusi wa nusu ya wilaya yetu ya Bardiya sikukubali apate picha ya kawaida. Nilimsimamisha na mumewe, Budhram, ukingoni mwa shamba la haradali, migongo yao ikielekea msituni. Lenzi yangu hunasa eneo dogo, na kila kilicho nyuma hugeuka ukungu. Kwa hiyo hupiga vipande thelathini, kimoja baada ya kingine, kisha naviunga kwenye kompyuta viwe picha moja pana. Anayetikisika ananiharibia kazi.

"Msitikisike," niliwafokea. "Hata nzi akitua puani, mwacheni."

"Shemeji, hii harusi au jela?" Budhram aliuliza, midomo haifunguki.

"Wewe nyamaza. Meno yako nimeshayapiga."

Nyuso zao zilikuwa tayari, nikaihamishia lenzi kwenye msitu ulio nyuma yao. Kwenye kipande cha tisa kulikuwa na doa la rangi ya chungwa, kushoto kwa mti mkubwa. Nikajua ni shada la maua tulilotundika asubuhi. Kwenye cha kumi na mbili, doa lilikuwa kulia. Maua hayatembei.

Niliinua macho. Chui milia alikuwa amesimama hatua arobaini nyuma ya mdogo wangu, kichwa amekiinamisha.

Kwetu hata mtoto anajua kwamba ukimkimbia umejifanya kitoweo. Nikiwaambia watageuka, na wakigeuka watakimbia.

"Bado kidogo," nilisema. "Tafadhali, msigeuke."

Nikarudia nyuso zao ili nipate sababu ya kuwashikilia pale. Nikabonyeza. Doa likakua. Nikabonyeza tena, nikimwomba kila mungu wa nyumbani kwetu. Kwenye kipande cha ishirini na nane, nyuma yao zilibaki nyasi tu.

"Njooni kwangu. Polepole."

Nilipowaambia kilichokuwa nyuma yao, Budhram alikaa chini matopeni na nguo zake za harusi.

Siku ya tatu Sugiya alikuja kutusalimia, nikamwonyesha vile vipande wanamoonekana wao wawili. Mumewe anatabasamu kwenye vyote. Yeye, kuanzia cha kumi na nne, macho yamejaa machozi na vidole vimeng'ang'ania shati la Budhram.

"Kumbe ulijua?"

"Dada," alisema, "tangu nizaliwe hujawahi kuniambia tafadhali."